Buluu Ndiyo Iliyotusumbua

Vijana wanaotengeneza televisheni karibu na soko kuu la Songea huniuliza swali lile lile kila wanaponiona nikipita: "Shikamoo mzee, hivi zamani mlikuwa mnarekebishaje rangi bila rimoti?" Jibu langu huwa refu kuliko subira yao. Mteja akiingia tu, wananiacha nikiwa bado niko kwenye balbu. Ndiyo maana nimeamua kuliandika.

Nianze na jambo ambalo sikulielewa mpaka nilipozeeka katika kazi. Katika kila chombo cha picha nilichokishika, tangu projekta ya gari la serikali hadi televisheni bapa za leo, rangi iliyotutoa jasho ni moja tu, buluu. Nyekundu huja yenyewe. Kijani nacho si mkaidi sana. Buluu huchelewa kuja, na ikishakuja ndiyo ya kwanza kuondoka. Na rangi zikishayumba, huhitaji kipimo cha fundi kujua. Utaona usoni mwa mtu.

Gari la sinema nililijua utotoni, miaka michache baada ya Azimio la Arusha. Lilikuwa la Wizara ya Habari, likizunguka wilayani kuonyesha filamu za kilimo, za afya, za ziara za viongozi. Likiingia kijijini mchana, jioni hakuna aliyebaki nyumbani isipokuwa mgonjwa. Sisi wavulana tulipigania kazi ya kushusha vyombo: jenereta, spika za pembe, masanduku ya mikanda ya milimita 16, na kitambaa kikubwa cheupe chenye ukingo mweusi kilichofungwa kati ya miti miwili. Mwendeshaji alikuwa mtu wa pwani. Alituita wote "wajomba" na hakuruhusu yeyote aguse lenzi.

Bwana huyo alikuwa na desturi iliyotushangaza. Kitambaa chake kikichafuka kwa vumbi jekundu la huku kwetu, alikifua mwenyewe, na katika maji ya kusuuzia alitia buluu, ile ile ambayo mama zetu walitia kwenye mashati ya shule. Tulidhani ni usafi wa watu wa pwani. Baadaye sana, nilipokuwa nikisoma vitabu vya ufundi, ndipo nilipoona alikuwa akifanya nini. Balbu ya projekta ya wakati ule ilikuwa waya wa tangsteni unaopashwa moto mpaka ung'ae. Waya wa namna hiyo hutoa wekundu na umanjano mwingi, na buluu kidogo sana. Jenereta ikichoka, volti zikashuka, waya unapoa kidogo na buluu inapungua zaidi. Picha nzima inakuwa kama imechovywa kwenye chai ya maziwa. Buluu ya kufulia hunywa umanjano wa kitambaa na kurudisha weupe machoni. Inapunguza mwanga kidogo, lakini jicho husamehe giza dogo upesi kuliko linavyosamehe umanjano. Sijui kama kuna hati ya uvumbuzi iliyowahi kuandikwa kwa jambo hilo. Kama haipo, basi mwenye haki nayo ni yeye.

Filamu nyingi za gari lile zilikuwa nyeusi na nyeupe, na hatukulalamika. Ya rangi ilipokuja, watu walipiga vigelegele kabla haijasema neno. Kulikuwa na moja ya kilimo cha tumbaku, na tumbaku ni zao letu, kila mtu aliyekaa pale chini alikuwa anayajua majani yake kwa mkono. Majani yalitoka vizuri. Udongo ulitoka vizuri. Bwana shamba Mzungu aliyekuwa akipita kati ya matuta alitoka vizuri kupita kiasi, mpaka mishipa ya shingo ilionekana. Lakini wakulima waliokuwa naye, wenzetu kabisa, walikuwa vivuli vyenye kofia. Akicheka mmoja unaona meno, akinyamaza amepotea. Bibi aliyekaa mbele yangu aliuliza kwa sauti, "Hawa nao wamejipaka masizi ya nini?" Kiwanja kizima kikacheka.

Swali la bibi yule lilikuwa zito kuliko kicheko chetu. Tangu miaka ya 1950, kampuni ya Kodak ilikuwa ikipelekea maabara za kusafishia picha kadi ya kupimia rangi, yenye picha ya mwanamke mweupe. Wa kwanza alikuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo, Shirley Page, na jina likabaki hata sura zilipobadilika. Mafundi waliziita kadi za Shirley. Ngozi yake ikitoka sawasawa, mashine imepimwa. Dawa za filamu nazo zilichaguliwa kwa jicho hilo hilo, kwa hiyo hazikuwa na nafasi ya kutosha upande wa kahawia na weusi. Marekebisho yalipokuja, kwa masimulizi ya watu waliofanya kazi Kodak kwenyewe, msukumo mkubwa ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na samani, ambao chokoleti chungu na ya maziwa, na mbao za aina mbalimbali, zilikuwa zikifanana kwenye matangazo yao. Kwa ajili ya kabati na chokoleti, na sisi tukaonekana. Kadi yenye wanawake watatu, mweusi, mweupe na Mwasia, ilikuja miaka ya tisini.

Ng'ambo ya mto Ruvuma, kwa jirani zetu wa Msumbiji, mwongozaji filamu Jean-Luc Godard alialikwa na serikali mpya ya FRELIMO mwaka 1978 kushauri kuhusu mipango ya televisheni yao. Inasimuliwa kuwa alikataa kutumia filamu ya Kodak kule, akisema ni filamu ya kibaguzi. Songea tuliishi na wakimbizi na wapigania uhuru wa Msumbiji kwa miaka, tukasikia mengi kutoka upande ule, lakini hilo halikutufikia. Bibi wa masizi angelipenda.

Katikati ya miaka ya sabini nilikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, na kwa bahati nikapata kazi ya kubeba mikanda na kufagia chumba cha projekta katika ukumbi mmoja wa sinema. Mji ulikuwa na kumbi za kutosha, Avalon, Empire, Empress, na ile sinema ya kuangalia ukiwa ndani ya gari. Pale nilikuta mwanga wa namna nyingine kabisa. Hakuna balbu. Ndani ya nyumba ya taa kuna vijiti viwili vya kaboni vimeelekezana, umeme unaruka kati yake, na kaboni inaungua kwa mwanga usiotazamika kwa macho matupu. Kiini cha kijiti chanya kilikuwa kimetiwa madini adimu kama seriamu, na hayo ndiyo yaliyotoa mwanga mweupe wenye buluu ya kutosha. Kwa mara ya kwanza niliona nguo ya buluu kwenye kitambaa cha sinema ikiwa buluu kweli.

Lakini kaboni inaungua na kufupika. Nafasi kati ya vijiti ikikosewa kidogo, mwanga unageuka, mara zambarau, mara manjano, na ukumbi unapiga miluzi. Mkuu wa chumba alikaa na kioo cheusi mkononi, akizungusha kigurudumu kidogo kidogo usiku kucha. Rangi ya filamu nzima ilikuwa kwenye vidole vyake. Ulaya walishavumbua taa za zenoni tangu miaka ya 1950, taa ambazo hukaa kwenye weupe ule ule bila mtu kushika kigurudumu, ila sisi tulizisikia tu.

Kazi yake ilikuwa na adui mwingine ambaye vidole havikumweza. Filamu za Kihindi zilizotufikia zilikuwa zimeshapita kumbi nyingi na miaka mingi. Nyingi zilikuwa za Eastmancolor, aina ya filamu ya Kodak iliyotoka mwaka 1950 na kushusha gharama ya rangi duniani kote, kwa sababu tabaka zote tatu za rangi zilikuwa ndani ya mkanda mmoja. Ubaya wake ulijificha ndani ya dawa. Tabaka la rangi ya samawati lilikufa kwanza. Yakabaki mawili, na filamu ya miaka kumi au kumi na mitano ikawa waridi tupu: mbingu waridi, mto waridi, sari ya bibi harusi sawa na ukuta. Kulikuwa na nakala chache za zamani za Technicolor, zilizotengenezwa kwa kupiga kila rangi chapa yake juu ya mkanda, moja baada ya nyingine, kama inavyopigwa khanga. Hizo zilikuwa na mikwaruzo na viungo vya gundi kila mahali, lakini rangi zake zilikuwa zimesimama kama zilivyozaliwa. Mkuu wangu alikuwa akisema Technicolor ni ya matajiri na Eastmancolor ni ya wengi, na wengi ndio wanaosahaulika. Huko Marekani mwongozaji filamu Martin Scorsese alianzisha kampeni mwaka 1980 dhidi ya filamu zinazopauka, na baada yake ndipo zikatoka nakala zenye kudumu. Za kwetu zilikuwa zimeshakuwa waridi.

Televisheni niliiona Zanzibar. Bara hatukuwa nayo. Msimamo wa serikali ulikuwa kwamba nchi maskini ina mambo mengine ya kununua kwanza, na mimi hadi leo siwezi kusema ulikuwa msimamo wa kijinga. Lakini Visiwani Televisheni Zanzibar ilianza mwaka 1973, na ilianza moja kwa moja na rangi, ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara. Uingereza wenyewe walikuwa na miaka michache tu tangu BBC2 ianze rangi mwaka 1967. Nilikwenda kwa ndugu yangu, jioni tukaenda kukaa barazani ambako seti ya watu wote ilikuwa imewekwa. Msomaji wa habari alikuwa mwanamke wa maji ya kunde, amevaa buibui nyeusi, na vyote viwili vilionekana: ngozi ni ngozi, nguo ni nguo. Nilikaa mpaka matangazo yakafungwa.

Mfumo walioutumia ni PAL, na kwa fundi yeyote wa umri wangu jina hilo lina heshima yake. Wamarekani walikuwa wametangulia na mfumo wao wa NTSC tangu 1953. Katika mfumo huo aina ya rangi hubebwa na pembe ya wimbi. Wimbi likicheleweshwa kidogo njiani, na mlima au jengo, pembe inateleza, na uso wa mtu unakuwa kijani au zambarau. Seti zao zilikuwa na kitufe maalumu cha kurekebisha, na baba wa nyumba alikuwa akiinuka kila mara kwenda kukizungusha. Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken, Ujerumani Magharibi, alipeleka maombi ya hati ya uvumbuzi wake siku ya mwisho ya mwaka 1962. Wazo lenyewe ni jepesi kulieleza: pembe ile igeuzwe kinyume katika kila mstari wa pili wa picha. Seti inahifadhi mstari uliotangulia kwa sehemu 64 za milioni ya sekunde, ndani ya kipande cha kioo, kisha inauchanganya na unaofuata. Kama mmoja umepotea kwenda kijani, wa pili umepotea kwenda zambarau, na makosa yanauana. Rangi inapauka kidogo tu. Kitufe hakihitajiki tena.

Wajerumani walipozindua televisheni ya rangi, Agosti 25 mwaka 1967, Willy Brandt, makamu wa kansela wao, ndiye aliyebonyeza kitufe chekundu mbele ya kamera. Kitufe kilikuwa cha maonyesho, hakikuunganishwa na kitu. Fundi aliyekuwa nyuma aliwahi kidogo, na rangi ikatokea kabla kidole cha mheshimiwa hakijafika. Kila nikikumbuka kisa hicho namhurumia fundi.

Nilirudi Songea baada ya lami ya Makambako kufika mjini, katikati ya miaka ya themanini. Bila lami hiyo nisingekuwa na kazi, maana seti za kioo hazipendi mashimo. Bado Bara haikuwa na kituo hata kimoja, lakini mikanda ya video ilikuwa imeshafika na vibanda vya kuonyeshea vilikuwa vikifunguliwa. Mikanda ya kutoka Dubai na Oman ilikuwa ya PAL na ilicheza bila shida. Iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani ilikuwa ya NTSC, na kwenye deki za kawaida ilitoka nyeusi na nyeupe, ikipanda na kushuka. Mwenye kibanda alikuwa anakuja ananiambia, "Fundi, huu mkanda umekufa rangi." Rangi haikuwa imekufa. Ilikuwa inaongea lugha ambayo deki haikufundishwa.

Seti waliyoitamani wote ilikuwa Sony Trinitron. Seti nyingine zilikuwa na bati lenye vitundu vidogo nyuma ya kioo, la kuhakikisha kila mwale unapiga doa lake la rangi, na bati hilo lilizuia sehemu kubwa ya mwanga. Mwaka 1968 Sony walitoa seti yenye nyaya nyembamba za wima badala ya vitundu. Mwanga mwingi zaidi ulipita, na rangi zikashiba hata kibanda kikiwa na nyufa za jua. Nyaya hizo ndefu hutikisika, kwa hiyo walizikaza kwa uzi mmoja au miwili mwembamba wa kukatisha, na kivuli cha uzi huo huonekana ukikazia macho. Wateja wameniletea Trinitron nzima kabisa wakisema imepasuka. Wengine hawakuniamini mpaka nilipowapeleka kwa jirani mwenye seti kama yao wakaona mstari ule ule.

Ugonjwa halisi ulikuwa wa sumaku. Mwenye kibanda anaweka spika kubwa ubavuni mwa seti ili mapigano yasikike hadi barabarani, na baada ya wiki kona moja ya picha inakuwa ya zambarau. Sumaku ya spika imeikokota miale ya elektroni ikapiga doa la jirani. Dawa yake ni koili ya waya unayoipitisha mbele ya kioo kwa kuzungusha, huku unarudi nyuma taratibu. Watoto walikuja kutazama kama mazingaombwe, na mimi sikuwakatisha tamaa.

Vijijini, kwenye seti ndogo nyeusi na nyeupe za betri ya gari, kulikuwa na uvumbuzi wa bei ya chini kabisa: karatasi ya plastiki ya rangi tatu, unaibandika mbele ya kioo. Juu buluu, katikati wekundu wa machungwa, chini kijani. Kwa mandhari ya nje, hasa mpira, ilidanganya vizuri. Mtangazaji akitokea karibu, alikuwa na nywele za buluu na kifua cha kijani. Watu waliipenda hivyo hivyo, na baada ya vituo binafsi kama ITV kuanza mwaka 1994, na televisheni ya taifa mwaka 2000, biashara ya plastiki hizo ilizidi badala ya kufa, kwa sababu sasa kila mtu alijua habari ni za rangi.

Miaka ya elfu mbili baa zikaleta projekta za ligi ya Uingereza, na buluu ikaanza kunisumbua upya. Aina moja ina vioo vidogo mno, kazi ya Larry Hornbeck wa Texas Instruments mwaka 1987, na gurudumu la rangi linalozunguka mbele ya taa. Kwenye zile za bei nafuu gurudumu limeongezwa kipande kisicho na rangi ili mwanga uwe mkali, na rangi zote zinaonekana zimeoshwa. Aina ya pili hupitisha mwanga kwenye vibamba vitatu, kila rangi na chake. Kibamba cha buluu na vichujio vyake ndivyo vinavyopigwa na mwanga wenye nguvu zaidi, basi ndivyo vinavyoungua kwanza, na jezi nyeupe zinakuwa manjano. Tulikuwa tumerudi kwenye kitambaa cha gari la sinema, ila sasa hapakuwa na cha kufua.

Umeme nao ulikuwa na sehemu yake. Mji wetu uliishi kwa jenereta za dizeli kwa muda mrefu, na stabilaiza ilikuwa mahari ya kwanza ya kila televisheni. Mwaka 2015 masista wa Chipole walianza kuzalisha umeme wa maporomoko ya Tulila, mto Ruvuma, na mwaka 2018 laini kubwa ya Makambako ikatuunganisha na gridi ya taifa. Kwa mara ya kwanza nilianza kutengeneza seti zilizokufa kwa uzee wake.

Na ni katika seti hizo mpya ambapo mambo yamegeuka. Taa ndogo za LED nyekundu zilikuwapo tangu 1962. Za buluu ziliwashinda wataalamu kwa miaka thelathini, mpaka Wajapani Akasaki, Amano na Nakamura walipoifuga fuwele ya galiamu naitraidi. Yenye mwanga mkali ilitoka mwaka 1993, na mwaka 2014 wakapewa Tuzo ya Nobel. Taa nyeupe iliyo nyuma ya televisheni yako ni LED ya buluu iliyopakwa unga wa manjano. Unga ule ukiungua kwa joto, buluu inabaki peke yake. Sasa wateja wananiletea seti ambazo kila mtu ndani yake ana uso wa buluu. Maisha yangu yote niliitafuta rangi hii, imekuja kunitafuta yenyewe uzeeni.

Kwa hiyo, msomaji, kama una televisheni mpya nyumbani, nisikilize kidogo. Imetoka dukani ikiwa imewekwa hali ya kung'aa, iliyojaa buluu, ili ishinde taa za duka. Ingia kwenye sehemu ya picha, ondoa hali iliyoandikwa Vivid, weka Movie au Cinema, halafu subiri taarifa ya habari. Usipime rangi kwa nyasi, kwa kuwa hujui nyasi za uwanja wa London zina kijani gani. Pima kwa uso wa mtangazaji, ulinganishe na wa mtu aliyekaa karibu nawe. Na kama uso unabaki na buluu hata baada ya hapo, usiendelee kuhangaika na rimoti. Taa za nyuma zimechoka. Ipeleke kwa fundi kabla hazijazimika zote.